Fulana za Kufanana Msituni Jozani

Kila sikukuu inapokaribia, simu hujaa matangazo ya sura moja. Zanzibar, siku tatu usiku mbili, lipa kidogo kidogo, nafasi zimebaki chache. Chini yake inafuata orodha: boti kwenda na kurudi, Mji Mkongwe, pomboo wa Kizimkazi, msitu wa Jozani, chakula cha mchana Paje, picha za droni, na fulana moja kwa kila mshiriki. Wanaouza safari hizo wanatafuta riziki, na sina ugomvi na riziki ya mtu. Ugomvi wangu ni na imani inayoyabeba matangazo hayo, ambayo sasa inahubiriwa hata na wasiouza chochote: maafisa utumishi, wenyeviti wa vikoba, viongozi wa kwaya, waandishi wa kurasa za utalii. Wanaamini kwamba njia bora ya kuuona msitu na bahari ni kwenda wengi, kwenye kosta moja, kwa ratiba moja.

Niieleze kwa haki, kama wanavyoieleza wenyewe. Kwanza, ni nafuu: gari likigawanywa kwa watu thelathini, mwalimu wa shule ya msingi naye anafika mahali ambapo zamani walifika Wazungu tu. Pili, inajenga umoja: watu waliokuwa wakisalimiana kwa nyusi kwenye korido wanarudi wakiitana majina ya utani. Tatu, inawasaidia wenyeji na inautunza msitu, kwa kuwa viingilio thelathini ni viingilio thelathini. Wanaongeza kwamba mwanamke akisafiri peke yake mapapasi, wale vijana wanaowavizia wageni, wanamganda kuanzia bandarini, lakini akiwa ndani ya kundi hasumbuliwi. Juu ya yote hayo umepakwa uzalendo: tangu ile filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022, Mtanzania anayebaki nyumbani sikukuu anaonekana kama anaihujumu nchi.

La mapapasi ni kweli tupu, nalikubali lilivyo. Mengine yanavuja.

Lakini kabla ya kuyapima, tukubaliane tunazungumzia mahali gani. Jozani iko kama kilomita 35 kutoka mjini Unguja, pale kisiwa kinapojibana kati ya Ghuba ya Chwaka upande mmoja na mikoko ya Pete upande wa pili. Msitu wake unakunywa maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi. Masika yakikolea, sehemu yake husimama ndani ya maji, mitondoo na mikadi ikiwa imeloa miguu. Ukivuka barabara na kutembea kidogo unaingia kwenye mikoko, ambako maji ya bahari hujaa na kupwa chini ya mbao unazozikanyaga. Msitu na bahari vimepakana hivyo. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na mwaka 2016 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya hifadhi zake hai. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 50. Serengeti ina 14,763. Watu thelathini wakishuka Serengeti wanapotea machoni. Wakishuka Jozani, njia imejaa.

Kipimo hicho peke yake kingetosha kumfanya mtu mzima asite. Hakimsitishi yeyote, kwa hiyo tuendelee.

Moja: Nafuu ni ya nani?

Bei ya kundi ni ndogo kwa sababu kuna mtu aliyepunjwa, na kwa kawaida si mwandaaji. Anza na ndani ya kundi lenyewe. Mchango ni sawa kwa wote, ila mifuko haiko sawa. Mhasibu mkuu anaulipa kwa simu moja kabla ya chai. Mhudumu wa ofisi anaulipa kwa miezi mitatu, jina lake likibandikwa kila Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp chini ya kichwa cha habari "Ambao bado", pamoja na emoji ya kicheko ili ionekane ni utani. Hawezi kujitoa, maana ataambiwa hana moyo wa timu. Basi anakopa kwenye kikoba ili akapumzike, na akirudi analipa riba ya mapumziko. Hesabu ya nafuu hailitaji hilo kwa sababu riba hailipwi kwa mwandaaji.

Halafu kuna yale yasiyokuwemo kwenye bei. Fulana imo, maji ya kunywa hayamo. Boti imo, kupaki gari Dar es Salaam hakumo. Jioni ya pili, mweka hazina anasimama na kutangaza mchango wa dharura kwa sababu samaki wa Paje wamekuwa ghali kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba samaki wa Paje walishawahi kuwa rahisi siku ya Pasaka.

Nje ya kundi mambo ni mabaya zaidi. Kundi lina nguvu moja ambayo msafiri wa kawaida hana, nayo ni ya kusema: tuko thelathini, tupunguzie. Mwenye nyumba ya wageni anapunguza, kisha anafidia kwa kumwita mpishi mmoja badala ya wawili. Mwenye mgahawa anapunguza, kisha anapunguza kwenye sahani. Muongozaji wa msituni ndiye anayepoteza zaidi. Watu wawili wakimaliza kutembezwa wanaona haya kuondoka bila kumpa chochote, wanampa. Watu thelathini wakimaliza, kila mmoja ana uhakika kwamba kuna mwingine aliyekwisha kutoa. Anabaki kupewa makofi. Makofi ya watu thelathini yana kelele nyingi, lakini duka la Kitogani, kijiji cha jirani, halipokei.

Mbili: Umoja gani huo?

Ofisi ambayo watu wake hukaa pamoja saa nane kwa siku, miaka nenda miaka rudi, bila kuzungumza, inaambiwa dawa yake ni kima wa Jozani. Nimejaribu kuielewa hoja hii kwa nia njema na nimeshindwa. Kama mkurugenzi hapokei salamu kazini, kwa nini azipokee kwenye mikoko? Huko anakaa kiti cha mbele cha kosta, anapewa chumba cha peke yake chenye kiyoyozi, na hotuba ya shukrani inamsubiri mezani. Wa chini wanalala wanne chumba kimoja na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri na kamati. Ngazi za ofisini zimesafiri salama, hazijapata hata kichefuchefu cha boti.

Tuwaache wa ofisini. Hata kundi la marafiki, likishafika idadi fulani, huacha kusafiri kwenda mahali na kuanza kusafiri ndani yake lenyewe. Mazungumzo ya msituni ni yale yale ya Sinza: nani amechelewa, nani amekasirika, nani alilala chumba gani, spika nani ameibeba. Ndiyo, spika. Watu wanaosema wamekuja kutuliza akili kwenye maumbile huja na spika ya bluetooth, na wakiombwa waizime wanapunguza sauti mpaka isikike kwao tu na kwa ndege wote wa hekta moja.

Niliwahi kusimama kando ya njia, kundi moja la fulana za machungwa likipita. Kima punju watano walikuwa kwenye mkungu mfupi, mmoja jike na mtoto wake kifuani, wakila majani machanga kwa ule utaratibu wao wa kuchagua: anavuta tawi, ananusa, anatupa, anavuta jingine. Muongozaji, kijana mwenye sauti ya upole ya watu wa kule, alieleza kwamba hawa hawaguswi, hawalishwi, na tusiwakaribie. Hakumaliza sentensi. Tayari kulikuwa na foleni ya kupiga picha, kila mmoja akitaka kichwa chake na kichwa cha jike vitoshee kwenye fremu moja. "Jamani wageni wetu, tafadhalini, tusogee nyuma kidogo," alisema. "Moja tu kaka, ya mwisho," alijibiwa, na aliyejibu alikuwa mama mstaarabu ambaye peke yake, naapa, angerudi nyuma kwa aibu. Nyuma yake walikuwapo wengine ishirini na kitu wakingoja zamu, na zamu ikishaanza hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunyimwa. Wengi hutengeneza ujasiri ambao mmoja mmoja hawana. Huo ndio umoja niliouona ukijengwa.

Tatu: Eti tunausaidia msitu

Hapa ndipo hoja yao inapotamba zaidi, na ndipo inapodaiwa zaidi.

Kima punju hapatikani popote duniani nje ya visiwa vya Zanzibar. Hesabu kubwa iliyofanywa miaka ya hivi karibuni iliwapata zaidi kidogo ya 5,800, chini ya watu wanaoingia Uwanja wa Mkapa kwenye mechi isiyo na umuhimu. Tumbo lake limegawanyika vyumba ili lichachushe majani. Matunda mabivu yenye sukari yanamdhuru, ndiyo maana hula matunda mabichi. Majani ya miembe na mikungu yana sumu yake, na kima wanaoishi kando ya mashamba wamejifunza kula mkaa ili kuipunguza makali. Sasa mletee mnyama huyu kundi lenye ndizi mbivu na biskuti. Muongozaji mmoja anaweza kuichunga mikono minne. Mikono sitini haichungiki, na inatosha mmoja tu aliyeko nyuma ya mstari aone ni jambo la huruma kumpa kitu mtoto wa kima. Mafua nayo hayahitaji kiingilio: kima na binadamu huambukizana, na anayekohoa hawezi kubaki chumbani kwa sababu ameshalipia.

Angalia na barabara. Barabara ya kwenda kusini na mashariki mwa kisiwa inakata pembeni mwa msitu, na kima huivuka kati ya msitu na mashamba. Hapo zamani kima mmoja aligongwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yakawekwa matuta manne, na watafiti waliofuatilia wakaona vifo vimepungua hadi kama mmoja kila wiki sita. Vimepungua, havijakoma. Ratiba ya kundi inasomekaje? Alfajiri Kizimkazi kwa pomboo, saa nne Jozani, saa saba chakula Paje, saa kumi na moja Mji Mkongwe kwa kuangalia jua likizama. Hapo unahitaji dereva anayeyachukia matuta. Mwandaaji atakuambia msitu umepewa saa nzima; hakuambii kwamba dakika zinazoibwa na mshiriki aliyekwenda kununua kanga zinafidiwa barabarani, kwenye kipande kile kile wanachovukia kima.

Pomboo nao wana kesi yao. Watafiti waliowafuatilia kusini mwa Unguja walionyesha kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hupunguza muda wa kupumzika na kucheza wao kwa wao, na huongeza muda wa kuhamahama. Kwa maneno mengine, tunapanda boti kwenda kupumzika kwa kumkatiza mwingine mapumziko yake. Kundi la watu thelathini halitoshi boti moja. Linachukua nne, na mtu wa boti ya tatu ambaye hajaona pezi anaanza kudai pesa yake, basi nahodha anakimbiza. Huko huko Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, mojawapo ya kumbukumbu za kale kabisa za Uislamu kwenye pwani yetu. Haukimbii, haumsumbui mtu, na unahitaji utulivu tu. Haumo kwenye ratiba.

Wenyeji je? Sitadanganya kwamba hawapati kitu. Vijiji vinavyoizunguka Jozani vilipigania mgawo wa mapato ya utalii, na wakulima ambao kima wanakula mazao yao walitengewa fungu kama fidia. Watu wa Pete wananufaika na ile njia ya mbao kwenye mikoko. Lakini fedha hizo ni za kiingilio, na mgeni anayekuja na mwenzake mmoja anakilipa vilevile. Kile ambacho mgeni huacha zaidi ya kiingilio, kikombe cha chai, madafu, mkeka wa ukindu, ndicho kundi lisichokiacha, kwa sababu limekuja na katoni zake za maji kutoka Kariakoo na sambusa zake kwenye ndoo. Linaacha chupa. Kosta inasimama Kitogani dakika tano, watu wanaomba choo, wanaondoka.

Na maji yenyewe! Shirika la Tourism Concern la Uingereza lilichapisha mwaka 2012 utafiti wake wa vijiji vitatu vya Unguja, Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni ya kawaida, lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano, lita 3,195. Visima hivyo vinachota kwenye mwamba wa matumbawe ambao, ukinyonywa kupita kiasi, huingiza maji ya chumvi. Utaambiwa kundi letu halilali nyota tano. Kweli, linalala kwenye zile za lita 686, wote usiku mmoja, wote wanaoga jioni moja wakitoka baharini, kwenye kijiji ambacho wanawake wake wameamka kufuata maji kwa ndoo.

Wanawake hao ndio wale wale wanaolima mwani pale Paje na Jambiani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi yao inafuata bamvua, maji yanapotoka mbali na kamba zao kuonekana. Bahati mbaya, huo ndio wakati ambao ufukwe unapendeza kwa picha za droni. Kundi linatembea mpaka kwenye vigingi, linajipanga, linaruka juu kwa pamoja mara nne ili upatikane mruko mmoja uliolingana. Hakuna aliyekusudia kumkanyagia mama wa watu kamba zake. Zinakanyagwa hivyo hivyo.

Nne: Kwa hiyo maskini wasiende?

Najua jibu linakuja, na linakuja na hasira: huyu mwandishi anataka misitu iwe ya wenye nazo, wawili wawili, na kofia zao za nyasi. Ningelikubali kosa hilo kama wenye nazo wangekuwa hawatembei kwa makundi. Wanatembea. Makundi makubwa kuliko yote kisiwani yanashuka kwenye ndege za kukodi kutoka Ulaya, yanafungiwa ndani ya hoteli walikolipia kila kitu, na yanapelekwa Jozani kwa mabasi, mikono ikiwa na vikuku vya plastiki. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni wa nje zaidi ya 600,000. Sisi tumeiga tabia yao mbaya kuliko zote, na tunaita hiyo ukombozi.

Kuhusu gharama, daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mbele ya lango la Jozani kila siku. Wanne wakizipanda, wakalala kwa mtu Jambiani, wakala wali kwa samaki wa mama ntilie, nauli na chakula chao havitafika nusu ya fedha za kundi, na kila shilingi itakuwa imeangukia mkono wa mtu wa pale. Mwandaaji hapati kamisheni hapo. Ninashuku ndiyo sababu njia hii haimo kwenye matangazo.

Wala kuweka kikomo si ndoto ya Kizungu isiyofanyika Afrika. Bwindi kule Uganda, na Volcanoes kule Rwanda, familia moja ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja, basi. Karibu kabisa na Unguja, kisiwa cha Chumbe kinaendeshwa kwa mabanda saba ya wageni na hakijafilisika. Yaani tunajua kuhesabu wageni pale mnyama anapokuwa ghali. Kima punju kosa lake ni kwamba anaonekana kirahisi karibu na maegesho.

Baadhi ya waandaaji, wakibanwa, hukiri kwamba kundi la thelathini ni kubwa kwa msitu ule. Nilimshauri mmoja wao aligawe mara nne: wanane waingie Jozani, wanane waende msikitini Dimbani, mafungu mawili yaliyobaki yakae ufukweni, kisha wabadilishane, na dereva asiwe na haraka. Alifikiri kidogo, kwa uungwana, akanijibu kwamba mpango ni mzuri ila picha ya pamoja itakosa watu, na matangazo ya safari ya Idi yanaitegemea hiyo picha.